Pole ya Doto

Koleta alirudi kwao Itobela akiamini kitakachomsumbua ni upweke. Kilichomsumbua kwanza ni watu kumlalamikia kwamba haitikii salamu.

Alikuwa ametimiza miaka sitini na kitu. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Tabora mjini, mtaa wa Kanyenye, ambako yeye alishona nguo barazani na mumewe Kasimiri alitengeneza vyerehani vya watu. Kasimiri alikufa kwa kiharusi. Koleta akakaa mwaka wa msiba mpaka ukaisha, kisha binti yao wa pekee, Julieth, akataka kumchukua wakaishi wote Mwanza. Koleta akakataa. Alisema anarudi kwenye uwanja wa wazazi wake, ng'ambo ya Ntalikwa, ambako mdogo wake Damas alikuwa bado analima tumbaku na karanga. Damas na mkewe Levina walimpokea vizuri, wakampa chumba cha mbele, wakamwambia apumzike kwanza, kazi hazikimbii.

Hata wiki haijaisha, akaenda kisimani na ndoo yake akamkuta jirani yao, Shukrani, anafua. Shukrani alikuwa mama mnene, msema kweli, asiyeweza kukaa na jambo moyoni mpaka jioni.

"Mwangaluka, mama Julieth," alisema bila kuinua uso kutoka kwenye beseni. "Leo umetuona?"

"Nimewaona. Kwani jana sikuwaona?"

"Jana nimekuita mpaka koo limekauka. Natoka kukata kuni, nakukuta kule kwenye magofu ya kanisa umenipa mgongo. Nikasema labda hujasikia. Nikasogea, nikaita tena. Ukaingia zako ndani. Sawa, umefiwa, tunajua. Lakini huku kwetu tunasalimiana."

Koleta akamwambia kwamba jana hakutoka nyumbani. Alishinda na Levina wakibangua karanga. Shukrani akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayepima nguo dukani, halafu akarudi kwenye kufua kwake. Ilikuwa dhahiri hakuamini.

Magofu hayo yako mbali kidogo na kijiji, ndani ya miombo, mahali ilipopita njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Aliyezoea msitu huiona njia yenyewe mpaka leo: ukanda mpana wa ardhi iliyobonyea, majani yake mafupi kuliko ya pembeni. Mapadre wa mwanzo walijenga kanisa kando yake, la mawe na udongo. Wengi wao walikufa kwa homa kabla hawajalizoea jua la Unyamwezi, na makaburi yao yako ubavuni mwa kanisa, misalaba ya chuma imelala kila mmoja upande wake. Nyuma yao wamelala waumini. Na nje ya ukuta wa mawe, upande wa njia, walizikwa wale ambao maji ya ubatizo hayakuwahi kuwagusa: wapagazi walioanguka na mizigo yao, na watoto wachanga. Huko nje hakuna msalaba wala jina. Kuna vijiwe tu vilivyopangwa duara, vingine vimeshazama. Watu walipohamishiwa barabarani wakati wa Operesheni Vijiji, kanisa likabaki peke yake. Paa likaporomoka. Kijiji kikajenga kanisa jingine la matofali ya kuchoma, kikapata na makaburi mapya, na kule nyuma wakaachiwa ng'ombe na nyuki.

Koleta alibatizwa katika kanisa hilo. Tangu utotoni hakuwa amelikanyaga.

Baada ya Shukrani wakaja wengine. Mama mmoja mashineni alimuuliza kwa nini anapenda kukaa juani kule makaburini, hana hata mwavuli. Mzee aliyekuwa akirina asali alimwambia Damas kwamba dada yake amepatwa na huzuni kubwa, amwangalie asije akajidhuru. Damas alilisikia hilo, akanyamaza, akakaza macho kwenye majani ya tumbaku aliyokuwa anayapanga. Koleta aliona jinsi alivyonyamaza. Haukuwa unyamavu wa mtu aliyeshangaa.

Kisha akaja Raymundi.

Raymundi alikuwa Msukuma aliyehamia Itobela na ng'ombe wake kutoka Ziba, na ng'ombe hao walilisha upande wa magofu. Siku hiyo alipita kuomba maji ya kunywa, akamkuta Koleta peke yake kwenye kivuli cha bani la kukaushia tumbaku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Raymundi alikunywa, akafuta mdomo, akatabasamu kama mtu aliyekutana na mtu wake mahali asipomtarajia. "Leo umekuja huku kijijini?"

"Mimi naishi hapa. Damas ni mdogo wangu."

"Ahaa. Mimi nimezoea kukuona kulekule kanisani."

"Umeniona lini kanisani?"

"Siku zote," Raymundi alisema. "Tangu nihamie. Nilipofika hapa mwanangu wa kwanza alikuwa anatambaa. Sasa ameoa."

Koleta akageuka kumtazama vizuri. Akamwambia kwamba yeye amerudi juzijuzi tu, na kwamba miaka yote hiyo alikuwa Kanyenye. Raymundi akamkodolea macho. Akaangalia uso wake, kisha mguu wake wa kushoto, ule wenye goti bovu.

"Nisamehe, mama. Mimi husema ninachokiona. Ni wewe. Mwaka juzi ulianza kuchechemea mguu huohuo. Mwaka jana nikakuona umenyolewa kichwa, umevaa kitenge cha bluu chenye majani meupe. Nikamwambia mke wangu, yule mama wa magofuni kafiwa, na hana hata mtu wa kukaa naye."

Goti la Koleta lilianza kuuma mwaka juzi, alipoteleza kwenye ngazi za soko. Kichwa alinyolewa na mawifi zake mjini, siku ya kumzika Kasimiri. Kitenge cha bluu chenye majani meupe alikivaa msibani, na baada ya arobaini akakigawa kwa mikono yake mwenyewe.

"Ng'ombe wangu hawaingii mle," Raymundi aliongeza kwa sauti ya chini, akirudisha kikombe. "Wanalisha mpaka mlangoni, wanasimama, wanageuka. Sijawahi kuwafukuza mimi."

Raymundi alipoondoka, Koleta akamfuata Damas shambani. Hakuzunguka. Akamuuliza, "Nani yuko kule kanisani?"

Damas akachomeka jembe ardhini akaliegemea. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye wajukuu, lakini alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya mtoto anayeogopa kuchapwa.

"Ulipokuwa shule kule Tabora, bweni, mimi nilikuwa nachunga mbuzi kule. Nikakuona. Umevaa sare ya shule, umekaa juu ya ukuta unachezea nywele zako. Nikafurahi, nikakimbia nyumbani nikamwambia mama, dada karudi. Mama akanipiga. Hakuwahi kunipiga vile, si kabla wala baadaye. Akaniambia nikimwona tena nisimwite wala nisimfuate, na nyumbani nisilete habari. Basi. Nimemwona nikiwa kijana, nimemwona nikiwa na mke. Alikuwa anakua kama wewe. Ulipoolewa, yeye naye alipendeza. Mimi nimeshazoea kupita mbali."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini, dada?"

Nyumbani kwao, utotoni, jina lake lilikuwa Kulwa. Kila mtu alijua maana yake: kwamba alitangulia kuzaliwa, na nyuma yake alikuja Doto. Alijua pia kwamba Doto alikufa angali mchanga. Lakini habari za Doto zilikuwa kama habari za nyumba iliyoungua. Mama yake hakuzitaja, na Koleta hakuwahi kuuliza.

Kesho yake akaenda magofuni. Alikwenda mchana kweupe, jua likiwa katikati, kwa sababu aliona kama kuna la kuona basi alione vizuri. Njia nzima hapakuwa na upepo. Nyuki walikuwa wanavuma juu ya miombo, na alipoukaribia ukuta wa mawe akagundua kuwa mvumo huo umekatika, bila yeye kujua ulikatikia wapi.

Mlango wa kanisa ulibaki tundu tu. Ndani, pale ambapo yalipaswa kuwa majani na mavi ya popo na vipande vya vigae, palikuwa pamefagiliwa. Mistari ya ufagio ilionekana juu ya udongo, mipya, imepinda nusu duara kama anavyofagia mtu wa mkono wa kushoto. Koleta hutumia mkono wa kushoto.

Mbele, kwenye kitako cha altare, alikaa mwanamke. Alikuwa amempa mgongo. Alivaa kitenge cha bluu chenye majani meupe, na nywele zake zilikuwa fupi, ndiyo kwanza zinaota upya, mvi tupu. Alikuwa anasugua goti lake la kushoto, polepole, kwa kiganja, kama mtu aliyeshazoea kwamba kusugua hakusaidii.

Koleta alisimama pale mlangoni. Akasikia pumzi za yule mwanamke. Zilikuwa pumzi za kuchoka, za mtu aliyebeba mzigo toka mbali akapewa dakika ya kupumzika, na anajua ataubeba tena.

"Doto," alisema.

Mkono ulioshika goti ukasimama. Mwanamke yule hakugeuka. Mabega yake yalipanda kidogo, kama ya mtu aliyesikia jina lake kwenye umati na hana hakika kama ni yeye anayeitwa. Halafu akainuka, kwa shida, akashika ukuta, akachechemea mpaka kwenye chumba kidogo cha nyuma ambacho zamani mapadre walivalia mavazi yao. Chumba kile hakina mlango mwingine. Koleta alipopata nguvu ya kukifuata, akakikuta kitupu, na udongo wake haukuwa na unyayo hata mmoja.

Alirudi kijijini moja kwa moja kwa shangazi yake.

Shangazi Eustadia, mdogo wa baba yake, alikuwa amezeeka sana na macho yake yalikuwa yamefifia, ila akili ilikuwa nzima. Alikaa mlangoni kwake akichambua choroko kwa vidole. Koleta akamwamkia, akakaa chini, akamweleza yote. Bibi kizee alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Basi umemwona," alisema mwishowe. "Mimi sijamwona hata siku moja, na macho yangu ndiyo hivyo tena yameondoka. Afadhali."

"Alikufaje, shangazi?"

"Kama wanavyokufa watoto. Jioni alinyonya, asubuhi hakunyonya. Padre alikuwa safarini, hakubatizwa. Wewe ulibatizwa padre aliporudi. Yeye akazikwa nje ya ukuta. Na mama yako hakulia."

"Kwa nini?"

"Pacha haliliwi. Ukimlilia aliyekwenda, unamwonyesha aliyebaki njia. Wakunga walimsimamia, wakimwangalia macho. Alitoka kuzika akaja kutwanga mtama, macho makavu, na wewe mgongoni." Shangazi akatupa choroko mbovu pembeni. "Wakampa kibuyu kidogo, akivae shingoni. Ndiyo desturi yetu ya zamani. Kile kibuyu ndiyo Doto. Unachompa aliyebaki, unamtilia na mwenzake. Ukinyonyeshwa, tone moja la maziwa ndani. Ukila uji, kijiko ndani. Mchembe wa viazi, kipande. Ukipakwa mafuta, kinapakwa. Ili asione wivu, asije akakuchukua. Padre alikiona siku mama yako anapiga magoti kupokea, akamwambia aache ushirikina. Akasema ndiyo padre. Akakitoa shingoni akakifunga kiunoni."

Koleta aliuliza kilikwenda wapi. Shangazi akasema walipohamishwa, mama yake alikificha ndani ya ukuta wa kanisa, kwa sababu hakuweza kumhamisha mtoto na hakuweza kumwacha mikono mitupu. Na tangu hapo, kila Koleta alipopata kitu, mama alikwenda kule na fungu la mwenzake: siku alipoanza shule ya bweni, siku alipovunja ungo, siku alipoolewa.

"Lakini mama amekufa siku nyingi," Koleta alisema. "Nani anampelekea sasa?"

Shangazi akaacha kuchambua. "Mimi niliogopa, sikwenda. Labda alishazoea kupokea, mwanangu. Labda sasa anachukua mwenyewe."

Siku zile zilizofuata, Koleta alikula kidogo na kusema kidogo. Alikuwa anafikiri juu ya msiba wa Kasimiri. Watu walimsifu. Walisema mjane huyu ni shujaa, angalia alivyotulia, anapokea wageni, anaelekeza wapishi. Yeye mwenyewe alijua haukuwa ushujaa. Huzuni ilikuwepo, lakini aliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani. Na kabla ya hapo, mama yake alipokufa, ilikuwa hivyohivyo. Hata uchungu wa kumzaa Julieth, mkunga alishangaa. Maisha yake yote aliambiwa ana moyo mwepesi, naye akaamini ndivyo alivyoumbwa.

Halikumtoka wazo la yule mwanamke na nywele zake zinazoota. Mimi, alijiambia, nilinyolewa nikiwa katikati ya watu. Watu walinishika mkono, walinipikia, walinilalia sebuleni. Huyu alinyolewa na nani? Nani aliyemwambia hata pole?

Akamwambia Damas kwamba anataka Doto aliliwe.

Damas alikasirika, na Koleta hakuwa amemwona amekasirika tangu wakiwa watoto. "Unataka kufa. Sema tu unataka kumfuata Kasimiri, nielewe."

"Sitaki kufa."

"Mama alijizuia machozi ili wewe uishi. Unajua alijizuia vipi? Mimi nilimsikia akisaga meno usingizini mpaka anazeeka. Leo unataka kuyamwaga yale yote kwa siku moja."

"Damas," Koleta alisema, "yeye ndiye amekuwa akilia. Kwa ajili yangu. Na hajaambiwa pole."

Damas akatoka nje akaenda kwenye tumbaku yake. Levina, ambaye muda wote alikuwa anasonga ugali akisikiliza, akasema, "Wifi, mimi nitakuja."

Katekista wa kijiji, Anton, hakuwa mgumu kama Koleta alivyotegemea. Alisema siku hizi Kanisa linawaombea watoto hao, na kwamba mwenyewe ana mdogo wake kule nje ya ukuta. Aliuliza tu jina la mtoto. Koleta akasema Doto. Anton akangoja jina jingine, la ubatizo, na lilipokosekana akasema, "Haya, Mungu atakuwa anamjua kwa hilo."

Wakaenda Jumamosi asubuhi. Koleta alidhani watakuwa yeye, Levina na katekista. Lakini Shukrani alikuwa amesikia, na Shukrani akisikia jambo kijiji chote kimesikia. Akaja na wanawake wa jumuiya, wamejifunga khanga kiunoni, wamebeba mikeka, sufuria na maharage, kama watu wanaokwenda msibani kweli. Wengi wao, mmoja baada ya mwingine, walikuwa wamewahi kumsalimu mwanamke yule bila kujibiwa.

Walipofika hakuna aliyejua kaburi ni lipi. Vijiwe vilikuwa vingi, duara hapa, nusu duara pale. Wakiwa wanazungukazunguka, wakamwona Damas anatokea msituni akisukuma baiskeli, shangazi Eustadia amekaa nyuma amemshika shati. Damas hakumtazama mtu. Alimshusha bibi, akamshika mkono, na yule kipofu akaanza kutembea kwa kupapasa ukuta wa mawe, akihesabu kimoyomoyo sijui nini, mpaka akasimama.

"Hapa," alisema. "Nilishika taa siku ile."

Wakatandika mikeka. Katekista akasali, sala fupi. Kisha ikawa zamu ya kulia, na Koleta akajikuta hana chozi. Alipiga magoti mbele ya vile vijiwe, akatafuta ndani yake, akakuta palepale pa siku zote, pakavu na pepesi. Wanawake walingoja. Jua lilipanda. Raymundi alikuwa amesimama kwa mbali na ng'ombe wake, kofia mkononi.

Shukrani ndiye aliyesimama. Hakuelekea kwenye kaburi. Aligeukia tundu la mlango wa kanisa, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumsemesha mtu aliye chumba cha pili:

"Dada, mwangaluka. Mimi jirani yako. Pole kwa msiba wa Kasimiri. Hatukuja siku ile, hatukujua."

Akakaa. Levina akasimama. "Pole, wifi. Pole kwa goti."

Wakaendelea, mama mmoja mmoja, kila mtu na alichokumbuka. Pole kwa kufiwa na mama. Pole kwa uzazi. Pole kwa njaa za miaka ile. Pole kwa kukaa peke yako. Shangazi Eustadia alisema, "Nisamehe, mwanangu, niliogopa." Damas alivua kofia.

Hapo ndipo waliposikia. Ndani ya kuta zile, upande wa altare, mwanamke mzima alianza kulia. Hakupiga kelele. Kilikuwa kilio cha chini, kinachokatika na kuanza tena, cha mtu aliyekibania miaka mingi mpaka amesahau kinavyotoka. Hakuna aliyeinuka. Mama mmoja alishika rozari yake mpaka ushanga ukamwacha alama kiganjani. Ng'ombe wa Raymundi waliinua vichwa, wote pamoja. Kile kilio kikasogea, kutoka altareni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye ukuta, na hapakuonekana mtu. Kikafika kwenye mikeka. Na kilipofika hakikunyamaza, wala hakikukatika hata kwa pumzi moja; watu waligundua tu kwamba sasa kinatoka kinywani mwa Koleta, na sauti ni ileile.

Alilia mpaka maharage yakaiva, na watu wakala, na bado analia. Damas alikaa kando yake muda wote ameshika kifundo cha mkono wake, akisikiliza mishipa, akisubiri isimame. Haikusimama.

Walimrudisha nyumbani kwa baiskeli. Siku kadhaa alilala na homa, na Damas alilala mlangoni kwake. Goti lilimuuma kwa namna ambayo hakuwa ameijua. Aliuliza kama kuna mtu aliyempiga. Mchuzi wa Levina, aliousifu wiki nzima, sasa alisema umezidi chumvi, na maji ya kisima yalikuwa baridi mno mdomoni. Harufu ya tumbaku mbichi ilimtoa machozi. Kila kitu kilimjia chote.

Hakuna aliyemwona tena mwanamke wa magofuni. Raymundi alisema ng'ombe wake waliingia kanisani wenyewe, wakala majani mpaka chini ya altare, na yeye akakaa nje, hakupenda kuwaangalia. Koleta alipopata nguvu alikwenda mara moja. Alikuta majani makavu yametapakaa sakafuni. Aliita jina, akasubiri, akasikia nyuki tu. Hakukitafuta kibuyu ndani ya ukuta, na hakufagia. Alisimama pale muda mrefu akiwa na hisia ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta wenzake wamehama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akajua jinsi mtu anavyokuwa mmoja.

Mvua za kwanza zilinyesha, wakaanza kupanda karanga. Koleta aliwekwa kwenye kudondosha mbegu kwa sababu ya mguu. Asubuhi moja alikuwa amefika katikati ya tuta, Levina mbele yake na jembe, alipomkumbuka Kasimiri akilowesha uzi kwa ulimi kabla ya kuutia kwenye tundu la sindano, na namna alivyofumba jicho moja. Lilikuwa jambo dogo. Alishaliona kila siku ya ndoa yao. Lakini lilimkalisha chini kwenye udongo mbichi, mbegu zikamwagika, akalia kwa sauti ambayo watu wa mashamba ya pili waliisikia.

Levina akaacha jembe. Hakuuliza ni nini. Akarudi, akakaa kwenye tuta ubavuni mwake, akanyoosha miguu.

"Kasimiri amekufa," Koleta alisema.

"Ndiyo, wifi. Amekufa."

Wakakaa hapo mpaka alipomaliza. Kisha wakaokota mbegu moja moja kutoka kwenye udongo, wakaendelea na tuta lile.